Uwazi wa Sentensi katika Miongozo ya Programu za Kompyuta kwa Kiswahili

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa istilahi. Wataalamu wamebishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kama neno la kumfungulia mtu akaunti yake liwe nywila au nenosiri. Na kama kitendo cha kugusa kitufe kwa kipanya ni kubofya au kubonyeza. Mjadala huo una manufaa yake, na matunda yake yameonekana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani mkusanyiko wa programu huria za ofisi ulio katika Kiswahili. Haukupita muda mrefu kampuni ya Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Kazi hizo zisingewezekana bila kwanza kukaa chini na kukubaliana juu ya maelfu ya maneno.

Hata hivyo, msomaji wa mwongozo wa programu hasomi istilahi moja moja. Husoma sentensi, tena aghalabu huisoma akiwa na haraka, mkono mmoja ukiwa tayari juu ya kibodi. Sentensi yaweza kujengwa kwa istilahi zilizokubaliwa na kila baraza na kila kamati, na bado ikamwongoza msomaji kutenda kinyume cha yale aliyokusudia mwandishi. Kasoro ya namna hiyo haiponi kwa kubadilisha kompyuta kuwa tarakilishi.

Makala haya yanashughulikia upande huo wa sentensi. Swali lake kuu ni hili: kanuni za uandishi wazi zinazofuatwa katika miongozo ya programu, ambazo karibu zote zilitungwa kwa kukitazama Kiingereza, zinakifaa Kiswahili kwa kiasi gani? Itaonekana kwamba baadhi ya kanuni hizo zinavuka mpaka salama, nyingine zinavunjika njiani. Muhimu zaidi, sarufi ya Kiswahili ina mitego ambayo hakuna mwongozo wa kigeni unaoionya, na ina nyenzo ambazo hakuna mwongozo wa kigeni unaozijua. Suala hili si la nadharia tupu. Wahitimu wa idara za Kiswahili wanazidi kupewa kazi za kutafsiri programu, na wengi wao hukabidhiwa orodha ya maneno bila kukabidhiwa kanuni yoyote ya kuyapanga.

Chimbuko la kanuni

Miongozo ya programu haina historia ndefu. Toleo la kwanza la mwongozo wa mfumo wa Unix, lililoandaliwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kurasa zote zikafuata mpangilio mmoja: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo yake, faili inazozigusa, na sehemu ya kutaja kasoro zake zinazojulikana. Sehemu hiyo ya mwisho ni ya kustahiwa, kwani ni vitabu vichache vya mafunzo, katika fani yoyote, ambavyo humwambia msomaji mahali ambapo chombo chenyewe kina ubovu. Lakini miongozo ile iliandikwa na mafundi kwa ajili ya mafundi.

Kompyuta zilipoingia ofisini, msomaji alibadilika. Katika miaka ya 1980 John M. Carroll, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliwachunguza wafanyakazi wa ofisi waliokuwa wakijifunza kuandika kwa kompyuta. Ilidhihirika kwamba hawakuufuata mwongozo ukurasa kwa ukurasa. Waliruka, walijaribu, walikosea, ndipo wakarudi kitabuni kutafuta njia ya kujinasua. Kitabu cha Carroll, The Nurnberg Funnel, kilichotoka mwaka 1990, kilitetea mwongozo mfupi unaoanza na kazi yenyewe badala ya utangulizi mrefu, na unaompa msomaji msaada pale hasa anapokosea.

Mkondo mwingine ulitoka kwenye ndege. Mashirika ya ndege ya Ulaya yaliomba, mwishoni mwa miaka ya 1970, miongozo ya matengenezo ambayo fundi asiyekuwa Mwingereza angeweza kuielewa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1986, yalikuwa aina ya Kiingereza kilichopunguzwa kwa makusudi, ambacho leo hujulikana kwa jina la ASD-STE100. Kina kamusi ya maneno yaliyoidhinishwa, kila neno likiwa na maana moja. Sentensi ya maagizo haipaswi kuzidi maneno 20, na ya maelezo 25. Kanuni hizo zimeathiri sana uandishi wa miongozo ya programu pia.

Mtu akiuliza ni hasara gani hutokea maelezo yanapokosa uwazi, mfano wa mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 watosha. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa sita wa saratani katika Marekani na Kanada walipigwa na mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Chanzo kikuu kilikuwa kasoro ndani ya programu yenyewe pamoja na upungufu katika usanifu wa mashine, wala haifai kulitupia lugha kosa lote. Lakini lugha ilikuwa na sehemu yake. Mwezi Machi 1986, huko Tyler, Texas, mashine ilisimama ghafla na kumwonyesha mhudumu neno la hitilafu na namba 54. Mwongozo aliopewa mhudumu haukuieleza namba hiyo. Karatasi iliyokuwa kando ya mashine ilisema tu kuwa ni kosa la kipimo, na baadaye ikaelezwa kwamba maana yake ni kipimo kilichozidi au kilichopungua. Tofauti kati ya kuzidi na kupungua ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya uhai na kifo. Mhudumu, aliyezoea mashine kusimama mara kwa mara kwa sababu ndogo ndogo, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa yule alifariki mwaka uo huo. Uchunguzi wa Nancy Leveson na Clark Turner, uliochapishwa mwaka 1993, unayaeleza matukio yote sita kwa kirefu.

Amri na mpangilio wake

Kanuni ya kwanza ya miongozo ya Kiingereza humtaka mwandishi amsemeshe msomaji moja kwa moja, kwa amri. Katika Kiswahili jambo hili lina uzito wa adabu ambao Kiingereza hakina. Mtu mzima haambiwi "fanya" na mtu asiyemjua. Ndiyo maana baadhi ya wafasiri hukimbilia hali tegemezi (Ubofye kitufe), au hupanga neno tafadhali mbele ya kila hatua. Hofu hiyo haina msingi. Wazungumzaji wa Kiswahili wamezoea amri tupu katika maelezo ya mapishi, ya dawa na ya mitihani, wala hakuna anayejiona ametukanwa. Katika muktadha huo amri haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Ni umbo la maelekezo tu. Neno tafadhali lifaa libaki pale ambapo programu inamsumbua mtumiaji kwa jambo lisilokuwa haja yake, kwa mfano inapomtaka asubiri.

Hali tegemezi ina hatari nyingine. Tazama:

(1) Chukua nakala uihifadhi.
(2) Fungua hati usome maelezo.

Je, katika (2) kusoma ni hatua ya pili, au ni lengo la hatua ya kwanza? Sarufi inaruhusu yote mawili. Katika hadithi utata huu haudhuru. Katika mwongozo, msomaji asiyejua kama ametimiza hatua moja au mbili huenda akaruka moja. Kwa hiyo hatua moja ipewe sentensi moja, na kila sentensi ianze na amri yake.

Kuhusu urefu, kanuni ya maneno 20 haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo. Neno utakapoihifadhi limebeba nafsi, wakati uliopo mbele, tukio la kutegemewa, kitu kinachotendewa na tendo lenyewe. Sentensi ya Kiswahili yenye maneno 12 yaweza kuwa na mzigo mzito kuliko ya Kiingereza yenye 20. Kipimo kinachofaa zaidi ni kuhesabu vitenzi badala ya maneno: kitenzi kikuu kimoja kwa kila hatua, na kisichozidi kimoja cha kutegemea.

Kuhusu mpangilio, hali ni kinyume: hapa Kiswahili hakina la kujifunza. Miongozo ya kisasa, kwa mfano ule ambao Google iliuweka hadharani mwaka 2017 kwa waandishi wa maelezo ya programu, husisitiza kwamba sharti litangulie agizo, kwa kuwa msomaji hutenda kadiri anavyosoma. Akiambiwa kwanza afute na baadaye aambiwe "kama una nakala", atakuwa amekwisha kufuta. Mzungumzaji wa Kiswahili hupanga hivyo bila kufundishwa. Methali isemayo kwamba ukitaka cha mvunguni sharti uiname ina lengo mwanzoni, kiwango cha wajibu katikati, na tendo mwishoni. Inasikitisha kuona tafsiri nyingi zikiuacha mpangilio huo wa kiasili kwa sababu tu sentensi ya Kiingereza iliyokuwa mbele ya mfasiri ilipangwa vingine.

Ngeli na idadi

Kiswahili hakina kibainishi cha aina ya kile kinachowawezesha Waingereza kutofautisha faili fulani na faili yoyote. Tena, maneno mengi ya kompyuta yameingia katika ngeli ya i-/zi-, ambamo umoja na wingi huwa na umbo moja: programu, kompyuta, skrini, diski, seva, data, nakala. Agizo lifuatalo kwa hiyo lina maana zisizopungua tatu:

(3) Futa faili.

Ni faili moja isiyotajwa? Ni ile iliyokwisha kutajwa? Ni zote? Kwa mtu anayesafisha diski ya ofisi tofauti hii ni kubwa. Suluhisho la kawaida, yaani kuongeza kiashiria, linasaidia (Futa faili hiyo, Futa faili hizo). Lakini kuna nyenzo iliyo bora zaidi, nayo ni kiambishi cha mtendwa:

(4) Ifute faili.
(5) Zifute faili.

Hapa kiambishi kimoja kinafanya kazi mbili: kinaonyesha idadi, na kinamwambia msomaji kuwa kinachotajwa ni kitu mahususi anachokijua. Nyenzo hii haionekani katika tafsiri nyingi kwa sababu haina kifani katika lugha inayotafsiriwa. Mfasiri hutafuta neno la kulingana na neno, na kiambishi si neno.

Upatanisho wa kisarufi, ambao ndio hazina kuu ya uwazi katika lugha za Kibantu, nao unadhoofika kwa sababu iyo hiyo. Linganisha:

(6a) Jina la mtumiaji lililofutwa
(6b) Jina la mtumiaji aliyefutwa
(7) Nakala ya programu iliyoharibika

Katika (6) hakuna anayeweza kukosea. Upatanisho umekwisha kusema kilichofutwa ni nini. Katika (7) nomino zote mbili ni za ngeli moja, na haijulikani kama iliyoharibika ni nakala au ni programu yenyewe. Fundi atakayeamini la kwanza atatengeneza nakala nyingine, na atakayeamini la pili atatupa programu.

Kutokana na hayo, swali la ngeli ya neno faili si la mapendeleo tu. Neno hilo hutumika katika i-/zi- (faili hii, faili hizi) na pia katika li-/ya- (faili hili, mafaili haya). Wapo wanaoona mafaili kuwa umbo la mitaani. Kwa mtazamo wa uwazi, hata hivyo, li-/ya- ina faida mbili: inatofautisha umoja na wingi hata pasipo kivumishi, na inaitenga faili na programu, kompyuta na diski zinazoizunguka katika sentensi. Makala haya yametumia i-/zi- kwa sababu ndiyo iliyoenea katika maandishi ya aina hii, lakini mwandishi wa mwongozo mrefu ana haki ya kuchagua vingine, mradi asichanganye.

Mtego wa hu-

Katika mitego yote ya kisarufi iliyo mbele ya mwandishi wa miongozo, huu ndio mkubwa, na ni ajabu kuwa hautajwi zaidi. Kiambishi hu- cha mazoea huwavutia waandishi wanapoeleza tabia za programu, na kwa sababu njema. Hakibebi nafsi wala wakati. Kinasema tu kwamba jambo hutendeka.

(8) Programu huhifadhi nakala ya hati kila baada ya dakika kumi.

Sentensi hiyo haina doa. Lakini hu- ina pacha, ambaye ni ukanushi wa nafsi ya pili umoja, uliotokana na muungano wa ha- na u-. Kwa vitenzi vya asili ya Kibantu mapacha hawa hutambuliwa kwa irabu ya mwisho: hufuta ni mazoea, hufuti ni ukanushi, vivyo hivyo hufunga na hufungi, hutuma na hutumi. Vitenzi vilivyotoka katika Kiarabu havibadili irabu ya mwisho. Na vitenzi hivyo ni vipi? Hifadhi, badili, ruhusu, hariri, ghairi, sajili, rudi, jaribu, hakiki. Huo ni karibu msamiati wote wa kazi katika programu ya kuandikia. Sasa itazamwe sentensi hii:

(9) Ukibonyeza kitufe hiki, hubadili hati ya awali.

Msomaji mmoja ataelewa kwamba kitufe hubadili hati ya awali, na atakaa nacho mbali. Mwingine ataelewa kwamba yeye, msomaji, habadili chochote katika hati ya awali, na atakibonyeza bila wasiwasi. Maana hizi mbili ni kinyume kabisa, nazo zimeandikwa kwa herufi zile zile. Mkato haujasaidia. Katika mazungumzo, hali ya maongezi na sauti ya msemaji vingeweza kuamua. Katika ukurasa havipo.

Tiba zipo kadhaa. Iliyo rahisi ni kutaja kiima na kutumia wakati uliopo wa kawaida:

(10a) Kitufe hiki kinabadili hati ya awali.
(10b) Kitufe hiki hakibadili hati ya awali.

Nyingine ni kutumia mnyambuliko unaoirudisha irabu -a mwishoni. Kitenzi badilisha hutoa hubadilisha na hubadilishi, rudisha hutoa hurudisha na hurudishi, na utata ukaondoka. Kauli ya kutendwa nayo inafaa, kwa kuwa huhifadhiwa haiwezi kuchanganywa na huhifadhiwi. Lakini ruhusu na hariri hazina mnyambuliko wa -sha ulio na maana ile ile, na kwa hiyo kanuni ya jumla yahitajika: kitenzi kisichobadili irabu kisipewe hu- ila pale ambapo nomino iliyo kiima chake imetajwa ndani ya kishazi kicho hicho. Sentensi (8) inatimiza sharti hilo. Sentensi (9) hailitimizi.

Kama na wakati

Kiambishi -ki- hubeba maana ya sharti na maana ya wakati kwa pamoja.

(11) Kompyuta ikizimika, subiri dakika mbili.

Yawezekana kuzimika huko ni hitilafu ambayo huenda isitokee. Yawezekana pia ni hatua ya kawaida ambayo mtumiaji ameandaliwa kuingojea. Kama ni hitilafu, na iandikwe Iwapo kompyuta itazimika. Kama ni hatua inayotegemewa, na iandikwe Kompyuta itakapozimika, au ikiwa kukamilika kwa tendo ndiko kunakotakiwa, Kompyuta ikishazimika. Kiambishi -ki- peke yake kibaki kwa masharti ambayo msomaji ndiye mtendaji wake (Ukitaka kuchapa), ambamo utata haudhuru.

Yafaa kutaja hapa umbo kabla hujazima. Ni Kiswahili safi kabisa, lakini umbo lake ni la ukanushi ilhali maana yake si ya ukanushi. Madhali wengi wa wasomaji wa Kiswahili, katika Kenya, Uganda na mashariki ya Kongo, walijifunza lugha hii baada ya nyingine, kabla ya kuzima ni salama zaidi.

Wajibu, ruhusa na uwezekano

Mnamo Machi 1997 Scott Bradner alichapisha waraka mfupi, unaojulikana kama RFC 2119, uliokusudiwa kwa waandishi wa taratibu za mawasiliano ya intaneti. Waraka huo ulipanga viwango vya wajibu: lisiloepukika, lililokatazwa kabisa, linalofaa kufanywa isipokuwa kuna sababu halali na matokeo yake yamepimwa kikamilifu, lisilofaa kufanywa ila kwa masharti yayo hayo, na lililo hiari. Kila kiwango kilipewa neno lake. Mwaka 2017 waraka mwingine, RFC 8174, ulifafanua kwamba maneno hayo hubeba maana hiyo maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa.

Je, Kiswahili kitafanyaje? Tatizo la kwanza ni mahali pa ukanushi:

(12a) Si lazima kuzima kompyuta.
(12b) Ni lazima usizime kompyuta.
(12c) Hupaswi kuzima kompyuta.

Ya kwanza inampa msomaji hiari na ya pili inamkataza. Ya tatu huchukuliwa na wengi kuwa katazo, lakini kwa sehemu zake inasema tu kwamba wajibu haupo, na wapo watakaoisoma hivyo. Afadhali iepukwe.

Tatizo la pili ni kitenzi weza.

(13) Msimamizi anaweza kufuta rekodi za mgonjwa.

Sentensi hii yaweza kumaanisha kuwa msimamizi ana nyenzo za kufuta, au kuwa ameruhusiwa kufuta, au kuwa ipo hatari ya yeye kufuta. Katika hospitali, maana ya kwanza ni maelezo ya programu, ya pili ni sera, na ya tatu ni onyo. Kiswahili kina njia ya kuzitenganisha zote: programu inamwezesha msimamizi kufuta, msimamizi ameruhusiwa kufuta, huenda msimamizi akafuta. Kinachohitajika ni mwandishi kujiuliza anataka ipi.

Kuhusu herufi kubwa, yapasa na mustahiki wake hubadilika umbo kila mara (inapasa, ilipasa, yakupasa) na kwa hiyo hayafai kuwa alama za kudumu. Maneno lazima, marufuku na hiari hayabadiliki, na kila moja laweza kusimama baada ya ni. Kwa kiwango cha kati, vyema nalo halibadiliki, lakini ni vyema husikika kama ushauri wa rafiki tu, pungufu ya kile kilichokusudiwa na Bradner. Likitumiwa, halina budi kupewa fasili mwanzoni mwa mwongozo.

Neno moja na maana yake

Mwalimu wa insha humsifu mwanafunzi anayejua visawe. Mwandishi wa mwongozo hana budi kuisahau sifa hiyo. Akiandika futa katika aya ya kwanza, ondoa katika ya pili na toa katika ya tatu, msomaji makini atadhani ni matendo matatu tofauti, na msomaji huyo ndiye aliye sahihi. Kinyume chake ni kibaya zaidi:

(14) Funga hati.

Kwa Kiswahili mlango uliorudishiwa umefungwa, na mlango uliotiwa kufuli umefungwa. Kwa kompyuta hayo ni mambo mawili: hati iliyofungwa ya kwanza hufunguliwa na yeyote, ya pili hufunguliwa na mwenye nenosiri peke yake. Pendekezo lililo jepesi ni funga libaki kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili itumike tia kufuli, ambayo ni lugha ya nyumbani isiyohitaji kamati.

Ujumbe wa hitilafu

Mahali ambapo programu yenyewe husema ni katika ujumbe wa hitilafu, na hapo minyambuliko ya kitenzi hutoa usahihi ambao Kiingereza hukifikia kwa maneno mengi. Hati imefutwa yasema kwamba yuko aliyefuta. Hati imefutika yasema kwamba jambo limetokea na mtendaji hatajwi kuwapo. Umefuta hati yamtaja mtumiaji. Mwandishi asichague imefutika kwa ajili ya kuificha kasoro ya programu, wala umefuta pale ambapo mtumiaji hakufanya hivyo. Hali kadhalika, hati haifunguki ni fupi na kamili, nayo ni bora kuliko kuna tatizo limetokea, ambayo haisemi lolote. Baada yake huja sababu, kisha hatua ya kuchukua:

(15) Hati haifunguki kwa sababu diski imeondolewa. Rudisha diski, kisha bofya Jaribu tena.

Mafundi hupenda kuambatanisha namba, na namba ina kazi yake, kwani hurahisisha utafutaji na haibadiliki lugha ikibadilika. Nafasi yake ni mwishoni mwa ujumbe, baada ya maneno, na kila namba inayoweza kutokea kwenye skrini iwe imeorodheshwa katika mwongozo, pamoja na maana yake na jambo ambalo mtumiaji ni marufuku kulifanya mpaka fundi afike.